Mwanga Uliopita Mofu

Jumatatu, 1 Aprili 1957

Uji tena, unanuka moshi. Nimefuta kioo, nimekaa nacho kileleni kusubiri ukungu uondoke. Baridi ya huku juu haina adabu. Kasimu, mwenzangu wa kazi, amejifunga blanketi mpaka masikioni na bado meno yanagongana.

Saa nne kumefunguka. Nashangaa upya kila siku. Mto wote wa Kilombero, bonde lote, mpaka ng'ambo kwenye milima ya Mahenge. Kwa miguu hiyo ni safari ya kumaliza viatu. Mimi naimaliza kwa kugeuza shingo. Bwana mpimaji anasema isingekuwa dunia kujikunja, tungeona mbali zaidi ya hapo. Sijui kama ananitania.

Kazi yangu ni kurusha mwanga wa jua kwa kioo mpaka kilima cha ng'ambo, wenzetu wa kule wauone wapime. Kilima hakipatikani mara moja. Naanzia chini bondeni, naupandisha mwanga taratibu mpaka waitike. Hakuna anayenishinda kwa hilo. Kasimu anajaribu tu.

Jumanne, 2 Aprili

Jua kali, lakini bonde limejaa utusitusi. Huoni mti. Mwanga wa kioo unapenya hivyo hivyo, wenzetu wameitika.

Nawaza Mofu, shambani kwetu huko bondeni. Mke wangu Dorotea yuko huko na mtoto wetu Fideli tangu mpunga ulipoanza kutoa masuke. Wanalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo. Mchana anafukuza ndege, usiku nguruwe. Ndivyo tunavyoishi sote: msimu wa mpunga nyumba ya Kibaoni inafungwa, tunahamia bondeni.

Kabla sijapanda tulikubaliana. Nitammulika. Akiuona mwanga achome kitu, nione moshi, nijue wazima. Lakini Bwana amekataa kioo kisitumike kwa mambo ya nyumbani. Sijammulika hata mara moja. Nasubiri siku Bwana atakayoshuka. Najua Dorotea anasema amepata mume mwongo.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua tangu jana. Mchana jua limechungulia, Bwana akaamuru kioo haraka. Nimeanzia bondeni, nimepandisha, wingu limefunga kabla sijafika kilimani. Kazi bure.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Hema linavuja. Kasimu anasali, mimi natukana.

Jumapili, 7 Aprili

Mungu wangu. Hakuna bonde.

Mvua imekata alfajiri, hewa imeoshwa. Sijawahi kuona mbali namna hii na natamani nisingeona. Maji. Kuanzia chini ya mlima mpaka karibu na Mahenge, maji yanang'aa. Mpunga hakuna. Njia hakuna. Nimefikicha macho nikidhani ni ukungu.

Nimetafuta ile miti miwili ya mivumo, mirefu kama minazi, kando ya shamba letu. Ipo, imesimama majini. Nimegeuza kioo bila kuomba ruhusa. Nimemulika, nimemulika. Moshi hakuna. Bwana amekuja akifoka, ameangalia bondeni. Akanipa darubini. Kasimu akanishikia, nikatazama.

Dungu lipo. Nguzo zipo. Paa hakuna. Mtu hakuna.

Nimekaa kwenye mawe. Kulia nimeshindwa. Bwana amesema niende.

Jumatatu, 8 Aprili

Nashuka. Nimeanguka mara nyingi. Kila nikifunga macho naona zile nguzo.

Jumatano, 10 Aprili. Mofu

Wapo hai. Naandika tena. Wapo hai.

Nimewakuta uwanja wa kanisa, penye mwinuko, na watu wengine waliokimbia maji. Wavuvi waliwatoa kwa mtumbwi Ijumaa. Nilimwamkia mmoja wao, mtu mzima, shikamoo, nikamshukuru. Akasema, "Marahaba. Ila mkeo muangalie. Amechoma paa lake mwenyewe mvua inanyesha."

Sikuelewa. Nilimfuata Dorotea. Amekonda. Fideli kifuani pake, mwili moto, anahema kwa shida.

"Si ulikuwa unaniita, Baba Fideli?" akasema. "Kila siku mwanga unanipiga usoni, unaondoka. Nikachoma mabua. Kesho yake ukarudi. Nikachoma kuni zote. Nikasema moshi wangu haumfiki, ndiyo maana haridhiki. Alhamisi kila kitu kimelowa, na mwanga huo ukaja. Penye ukavu palikuwa ndani ya paa tu. Nilichomoa nyasi kidogo. Moto ukala lote."

Usiku kucha mvua ikawanyeshea juu ya fito tupu, maji yakipanda chini yao.

Nimesimama kama niliyepigwa rungu. Mwanga ulipita Mofu kila nilipoupandisha. Nilikuwa natafuta kilima. Yeye alikuwa ananijibu.

Nilimwambia ukweli. Alinitazama, akamfunika Fideli vizuri. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 12 Aprili. Ifakara

Hospitali. Kichomi. Wamemdunga Fideli sindano. Mkono wake unatosha kwenye kidole changu kimoja. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata kileleni.

Jumatatu, 15 Aprili

Bado. Dorotea anakula nikimlazimisha. Mimi hakuna wa kunilazimisha.

Alhamisi, 18 Aprili

Homa imeshuka. Amenyonya. Nimetoka nje nikalia nyuma ya jiko la hospitali, mpishi akanipa chai bila kuuliza.

Jumapili, 28 Aprili. Kibaoni

Tumetoka kanisani. Fideli anakohoa kidogo tu, anavuta ndevu zangu. Maji yanapungua. Shamba limekwisha, tutaanza upya.

Mchana tulikaa uani. Mlima ulikuwa wazi kabisa. Mwanga ukatoka kule juu. Ni Kasimu, leo wanatafuta kilima cha upande huu. Ukapita paa la jirani, ukapita ua wetu, ukampiga Dorotea usoni. Akainuka. Mkono ukaenda kwenye kiberiti kabla hajajua.

Nilikichukua mkononi mwake. Mwanga ukapanda, ukaenda zake. Aliketi tena, akaendelea kuchambua mchele.

Kesho nitampelekea Kasimu ujumbe. Aanzie juu angani, ashushe kidogo kidogo mpaka kilimani. Atachelewa. Achelewe.