Rula Yangu na Safari ya Longyearbyen

Mwanangu Rehema,

Kosa la watu wengi ni kupima dunia kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Mimi niliyefundisha jiografia mpaka nikastaafu nimelifanya kosa hilohilo, tena kwako.

Jumapili uliponiuliza kwenye simu kama ukubali kazi ya uuguzi Longyearbyen, kule visiwani karibu na ncha ya kaskazini, wiki mbili huko na wiki mbili nyumbani Tromsø kwa mumeo na mtoto, niliinuka nikapima. Ramani ikanipa zaidi ya kilomita elfu tatu. Nikakwambia, "Ni mbali mno kwa mama mwenye mtoto. Kataa." Ukasema, "Sawa, baba." Hiyo "sawa" imenikaa moyoni tangu siku ile.

Unakumbuka tulipokwenda Lutindi kule milimani, ukiwa darasa la nne? Nilikuonyesha ramani nikasema ni vidole viwili tu. Njia ikapinda na kupanda, tukafika jua limeshapinduka. Ukakaa juu ya jiwe, ukavua viatu, ukasema, "Baba, vidole vyako virefu." Nilicheka, nikakueleza habari za milima. Sikukiri kwamba nilikosea.

Mama yako ana kipimo cha watu wa kwao Handeni: umbali ni saa unazokaa kwenye gari. Nilipomwambia ndege yenu huchukua kama saa moja na dakika arobaini, aliendelea kuchambua mchicha.

"Si sawa na mimi kwenda kwa dada Handeni, gari likichelewa kujaa?"

"Ndege inakwenda mbali zaidi, Mama Rehema."

"Mimi kesho yake narudi. Kwani yeye hatarudi? Mwalimu, umemzuia mtoto kwa rula."

Jana nikamenya chungwa la Kabuku, nikajaribu kulilaza ganda lake mezani kama ramani ya dunia. Likachanika. Mchora ramani hataki michaniko, kwa hiyo huzivuta sehemu za juu mpaka zikutane. Kadiri unavyokaribia ncha ya kaskazini ndivyo zinavyovutwa zaidi. Huko kwenu ni zaidi ya mara tatu. Nikaazima tufe la dunia kwenye shule ya jirani, nikanyoosha uzi juu yake. Ni kama kilomita mia tisa na sitini, mara tatu na kidogo ya safari ya kutoka hapa Korogwe hadi Dar. Na usizigawe tu kwa mwendo wa ndege ukadhani umepata muda, maana dakika nyingi huishia kwenye kupaa na kutua.

Lakini hata kilomita sahihi zinajibu nini? Baina ya miji hiyo miwili ni bahari. Hali ya hewa ikiwa mbaya, unasubiri. Swali lenye maana ni ndege huenda mara ngapi, nawe ulishaniambia: karibu kila siku.

Nimejichunguza. Sikuwa napima umbali wa wewe na mtoto wako. Nilikuwa napima wa wewe na mimi, na kwa mtu aliye hapa kwetu Masuguru, Korogwe, Tromsø na Longyearbyen zote ni mbali.

Kazi hiyo unaitaka. Niliisikia sauti yako kabla sijashika rula. Naituma barua hii kwa simu kwa sababu waajiri wanasubiri jibu lako mpaka jioni. Waandikie leo kwamba unakwenda.

Baba yako