Alama ya X kwenye Behewa la Baba

Jumatano, baada ya isha

Kutu imekubali hatimaye. Nilichanganya masizi ya jiko na vumbi la tofali, nikapaka kwa brashi kavu, na behewa langu dogo la bati likachakaa sawasawa na lile la kweli lililotelekezwa nyuma ya stesheni. Hata mlango uliobonyea nimeubonyeza.

Kitu kimoja tu nilikiacha makusudi. Wiki iliyopita lile la kweli lilichorwa X kubwa ya chaki ubavuni, maana yake litakatwa liuzwe chuma chakavu. Ndilo behewa la gadi wa treni alilofanyia kazi Baba, Tabora hadi Kigoma, mpaka akastaafu. Tangu alipougua hatoki kitandani, nami sikumwambia. Hata wageni niliwakataza wasimwambie.

Alasiri nikampelekea. Akapapasa kutu kwa kidole, akacheka kidogo. Kisha akaligeuza ubavu.

"Mwanangu, mbona hukuweka alama?"

"Alama gani, Baba?"

"Usinifanye mtoto. Ulisema utalitengeneza kama lilivyo."

Nani kamwambia? Mama anaapa si yeye.

Nikachukua chaki nikachora. Nimeudhika. Uji wake ameurudisha bila kuugusa, lakini behewa amelikumbatia kifuani.

Nilipokuwa natoka akaniita, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chai. Alitaka nifungue sanduku lililo uvunguni, nimwangalizie kama panya hawajaitoboa sanda yake.