Wimbo wa Espérance na Jina Lililosahauliwa

Ngezi, Bunia
Tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa kaka Fabien,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mgongo uliokuwa unakuuma wakati wa Pasaka umepona? Na baridi ya Durban, bado unavaa makoti mawili ukienda kulinda magari ya watu? Sisi tu wazima. Mume wangu Néhémie alishikwa na malaria juma moja, lakini sasa anakula na kulalamika kama kawaida, tukajua amepona. Usalama ni wa siku kwa siku. Mtaani kwetu tunalala, tunaamka, tunamshukuru Mungu.

Ningekupigia simu, lakini mama yako amekataa. Anasema simu inakula maneno, na jambo hili anataka ulisome mpaka mwisho. Kwa hiyo kaa chini.

Binti yangu Espérance ametoa wimbo! Ni mmoja tu, unaitwa "Ngoja Nivae Kwanza": msichana anamwambia mchumba aliye mlangoni aache kupiga honi. Lakini si muziki wa vijana wa leo. Mtoto ametaka kuimba kama enzi za ujana wa wazazi wetu, na gitaa tatu, ngoma, na saksafoni ya kuazima kanisani.

Muzee Ephraïm, yule aliyepiga gitaa Butembo kabla hatujahamia huku, alikubali kusaidia kwa sharti moja: wote wapige pamoja, chumba kimoja, hakuna kubandika vipande kwenye kompyuta. Roger, mwenye studio, alimsihi mpaka akachoka. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Walianza upya mara kumi na tisa, na mara moja mkosaji alikuwa jogoo wa jirani.

Mama yako ndiye aliyewavalisha. Wiki tatu huyo mama mkubwa wangu Valérie hakutoka kwenye cherehani: suruali zenye miguu mipana ya kufagia njia, gauni za kitenge zenye mabega yaliyovimba. Video ilipangwa kupigwa Jumamosi. Ijumaa tukakutana wote kusikiliza wimbo. Unajua muziki wetu: gitaa zikichanganya mwishoni, majina ya watu yanaanza kuitwa. Roger alimwita mwenye duka la dawa, akamwita mkubwa wa waendesha pikipiki, akaita mpaka muuza mkate wa pale kona. Tulicheka, tukapiga makofi, wimbo ukaisha. Mama yako hakupiga makofi.

— Miye njo nilibavalisha bote, alisema. Jina yangu iko wapi?

Kaka, tulitazamana kama wezi wa kuku. Hakuna aliyekusudia, kila mmoja alidhani mwenzake ameliandika kwenye karatasi ya Roger. Mama yako akakusanya nguo zote, akazifungia sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Video ikafa hapo hapo. Espérance alilia sana, na si kwa ajili ya nguo. Mama yako ndiye aliyemfundisha nyimbo zake za kwanza, na sasa mtoto alimwona anaondoka bila kumuaga.

Roger akafanya akili yake. Alisema "Mama Valérie" peke yake mbele ya kipaza sauti, akalibandika jina ndani ya wimbo kwa kompyuta, akamletea asikilize. Mama yako alisikiliza mara moja tu.

— Hii ni kiraka, alisema. Miye niko fundi, kiraka naijuaka.

Basi ikabidi wote warudi kupiga upya. Muzee Ephraïm alifurahi mno. Nafikiri alikuwa akiliomba hilo kwa siri. Kwanza tulikwenda kuomba msamaha tukiwa na jogoo mkononi, yule yule wa jirani, maana tulimnunua ili anyamaze. Mama yako akapokea jogoo, akavaa vizuri, akafuatana nasi mpaka studio kujihakikishia mwenyewe. Alikaa kwenye kiti karibu na ngoma.

Ephraïm alipokuwa akikaza nyuzi, mama yako akamwita Roger.

— Weye, usiite jina yangu.

— Sasa Mama, siye tumerudia nini?

— Miye Bunia yote inanijua, niko nabashonea batoto yabo uniforme. Uite Fabien. Ye iko mbali. Kule hakuna mutu anamuitaka na jina.

Mimi nililia, sikufichi. Kisha wakapiga, na safari hii hakuna aliyekosea hata kidogo. Gitaa zilipopanda, Roger akapaza sauti: "Fabien wa Durban, mutoto ya Mama Valérie!" Mama yako akafungua pindo la kitenge, akampa Espérance ufunguo.

Sasa wimbo uko kila mahali. Saluni zinaupiga, kwenye harusi hawakati keki kabla haujapita. Muzee mmoja alipiga simu redioni akaapa kwamba aliucheza kwenye harusi yake mwaka soixante-seize, yaani sabini na sita, mtangazaji akashindwa kumbishia. Vijana wanapekua masanduku ya baba zao wakitafuta suruali.

Na wewe umekuwa mkubwa bila habari. Kwa kawaida wanaoitwa kwenye nyimbo ni matajiri, kwa hiyo Bunia imeamua kwamba Fabien wa Durban ana magari yasiyohesabika. Watu wanamuuliza mama yako kama unanunua pia dhahabu. Hakatai, hakubali. Anajibu tu: "Ni mutoto yangu." Siku ukirudi, tafadhali usishuke na kandambili.

Redio hupiga wimbo huo kila asubuhi, nami huwa karibu naye nikimsaidia kukata vitambaa. Jina lako likikaribia, anainua mguu kwenye cherehani, anangoja liitwe. Likishapita ndipo anaendelea kushona.

Mjomba Katsuva na watoto wake wanakusalimu, Espérance anakukumbatia, na Muzee Ephraïm anaomba nyuzi za gitaa ukipata mtu wa kumpa. Mungu akulinde wewe unayelinda vya wengine, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye kwa moyo wote,
dada yako Musoki