Nguruwe Saba na Mstari wa Makena

Jumatatu, 7 Julai

Nimewalisha nguruwe kabla ya kunywa chai. Wale saba, kisha mama yao katika chumba chake. Upepo wa hapa Ruiri umeanza, ule wa Julai, mkavu na baridi. Walikula upesi, wakanitazama. Sijui kama walishiba.

Kathure angejua. Alikuwa akiegemea ukuta, anatazama migongo yao, kisha anaongeza au anabakiza. Mke wangu miaka yote ile, na sikuwahi kumwuliza alikuwa anaona nini. Nilikuwa na nyumba za watu za kujenga.

Alifariki Januari. Wale nguruwe wa kwanza niliowalisha peke yangu, mnunuzi wa Embu aliwatazama bila kushuka kwenye lori. Akasema, "Mzee, hawa ni mbuzi." Akaenda zake. Nikawatoa mmoja mmoja kwa bucha ya hapa.

Hawa saba mimba yao aliiacha Kathure. Alimpeleka huyu mama kwa dume mwenyewe, kwa miguu, wiki chache kabla ya kulazwa. Alivaa buti zangu za kazi.

Mwenda, kijana wetu, anaendesha pikapu ya miraa kule Maua. Anataka niuze wote na mama yao, nihamie kwake. Tumepatana hivi: mnunuzi wa Embu akiwachukua hawa saba mwisho wa Oktoba, nabaki hapa na nguruwe jike wangu. Akiwakataa, yeye anauzwa nami nahama. Anachotaka mnunuzi ni kilo themanini kila mmoja.

Mwenda si mtoto mbaya. Anaogopa nife peke yangu na nisigunduliwe.

Jumamosi, 12 Julai

Makena amekuja. Ni mtoto wa dada ya Kathure. Anasomea mifugo chuoni, amepanga chumba Nchiru. Ana kompyuta ndani ya mfuko wa kitenge. Anatengeneza kitu anachokiita modeli: hesabu ndefu za kujua nguruwe anayekua anahitaji chakula gani, leo, kesho, na mwezi ujao. Anahitaji nguruwe wa mtu wa kawaida wa kuijaribia.

"Anko, nipe nguruwe zako."

Nikampa. Sina cha kupoteza ambacho hakijapotea nusu.

Alinieleza jikoni, nikaelewa zaidi ya nilivyotarajia. Chakula cha nguruwe kinafanya kazi mbili. Kwanza kumweka hai: apumue, asimame, apate joto. Kinachobaki ndicho kinachojenga mwili. Ukimpa kidogo, chote kinaishia kwenye kazi ya kwanza na hakui hata kidole. Na katika kujenga, kila kitu lazima kiwe na mwenzake. Mahindi bila soya ni kama mawe bila saruji. Saruji ikiisha, hata uletewe lori la mawe, ukuta haupandi. Hilo ni langu mimi, si lake. Alicheka akasema atalitumia mbele ya mwalimu wake.

Tuliwapima kwa tepu yangu ya ujenzi. Mzunguko wa kifua, urefu wa mgongo, kisha hesabu inatoa kilo. Kama ishirini na tano kila mmoja. M'Ikiara jirani alipita akanikuta nimepiga magoti katika mavi na tepu shingoni.

"Fundi, unawashonea suti?"

"Ndiyo. Yako itakuwa ya mwisho, una tumbo gumu kupima."

Nilicheka. Ni muda sijacheka.

Jumapili, 27 Julai

Wako kwenye mstari. Makena alichapa karatasi tukaibandika ndani ya stoo. Mstari unapanda kutoka pembe ya chini hadi kilo themanini, mwisho wa Oktoba. Kila tukipima anaweka vitone. Vitone vyote viko juu ya mstari au kando yake.

Kanisani nililia. Kwaya ya akina mama, alikoimba Kathure, ilikuwa imefunga lile pengo kwenye safu yake. Wamesogeleana tu. Ni haki yao.

Jumamosi, 16 Agosti

Kilo arobaini na nne. Mstari unasema hivyo, tepu inasema hivyo.

Makena amebadilisha lishe. Anasema mwili ukikua, mahitaji yanageuka. Anakula zaidi kwa jumla, lakini katika kila kilo ya chakula hahitaji soya nyingi kama alipokuwa mdogo. Kwa hiyo tunapunguza soya na mahindi, tunaingiza pumba za ngano na mashudu ya alizeti. Modeli imepiga hesabu yote. Amenitumia kilo kwa simu, kila kitu na kiasi chake.

Mimi nagawa kwa mbili, napima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili wa sokoni. Kathure alikuwa nao wa bati, umebonyea upande mmoja. Kazi rahisi.

Jumamosi, 30 Agosti

Wako chini ya mstari.

Wote saba. Tulipima mara mbili. Makena alipima mara ya tatu. Mstari unataka hamsini na mbili. Tepu inasema arobaini na saba, mmoja hata hajafika hapo.

Hakukaa kunywa chai.

Jumatano, 3 Septemba

Mwenda amepiga simu. Aliulizia nguruwe, nikasema wazima. Huyu mtoto anajua kugeuza habari, alijifunza kwa mama yake.

"Baaba, chumba chako nimeshapaka rangi."

Nimekasirika. Kilichonikera si yeye, ni ile rangi.

Jumapili, 7 Septemba

Tumejaribu kila kitu. Dawa ya minyoo wamepata. Daktari wa mifugo aliwatazama, hawana homa, hawakohoi. Makena alidhani ni baridi, kwamba wanachoma chakula kujipa joto. Nikaziba upande wa upepo kwa magunia. Akaiambia modeli kuwa kuna baridi zaidi. Mstari ulishuka kidogo sana. Haukufika walipo nguruwe wangu.

Kinachonisumbua ni kelele. Hawa wanalia. Wanang'ata mbao za mlango. Nikiingia na ndoo wananipanda. Hori linabaki limelambwa kama sahani ya mgeni. Nilimwambia Makena wana njaa. Akasema haiwezekani, kwa kilo wanazokula wangekuwa wanalala. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu aliyechoka.

Baadaye alisema, "Labda modeli yangu ni mbovu, Anko. Labda nimewaharibu."

Niliogopa. Nilitaka niwaongeze tu, ndoo nzima, wanyamaze. Lakini ndivyo nilivyowalisha wale wa kwanza, leo nyingi, kesho kidogo, kwa huruma. Nikafuata karatasi. Nililala vibaya.

Alhamisi, 11 Septemba

Pumba zilikwisha. Nilienda kwenye posho mili, pale wanaposaga unga, kununua gunia. Kijana wa kupakia hakuwepo, na mwenye bodaboda alikataa kushuka kwenye pikipiki yake. Nikainama nikalibeba mwenyewe.

Likapanda begani kama mto wa kulalia.

Nilisimama nalo. Mgongo wangu huu, ambao hauinui hata nusu gunia la mahindi tangu mwaka juzi. Gunia lilikuwa lilelile, limejaa mpaka kwenye uzi.

Miaka mingapi nimechanganya zege? Kila kibarua wangu alijua kwamba ndoo ya kokoto na ndoo ya vumbi la mbao ni ndoo moja, lakini si mzigo mmoja. Ningemfukuza kibarua asiyejua hilo. Na mimi tangu katikati ya Agosti nimekuwa nikijaza gorogoro ya pumba na kusema, hizi hapa kilo mbili.

Wakati wa mahindi na soya haikuonekana, maana gorogoro ya hizo kweli inakaribia kilo mbili. Tulipoingiza pumba na mashudu ndipo nilipoanza kuwanyima.

Nikaketi kwenye ngazi ya mili na gunia miguuni. Mwenye mili, Mama Karwitha, akauliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo, kidogo.

Nimempigia Makena simu palepale.

Ijumaa, 12 Septemba

Alifika na basi la kwanza. Tukaenda moja kwa moja kwenye mili, tukaomba mizani. Gorogoro ya mahindi, kilo mbili na kidogo. Gorogoro ya pumba haikufika hata kilo moja. Mashudu yako katikati. Mama Karwitha alituangalia tukimwaga na kujaza, kumwaga na kujaza.

"Mwalimu na fundi, mmekuja kupima hewa?"

"Ndiyo, mama," Makena akasema. "Na tumekuwa tukiwalisha nguruwe hewa."

Makena mwenyewe alicheka mpaka akashika mizani. Kisha alilia kidogo, akajipangusa.

Nilimwambia kosa ni langu. Akasema, "Uliniambia umewapa kilo nne, nikaandika nne. Niliona mkebe. Sikuuliza. Nyumbani kwetu pia tunapima nao." Basi tuligawana.

Lakini hili ndilo la leo. Nyumbani alifungua kompyuta juu ya meza, akaingiza chakula walichokula kweli, si kile tulichodhani. Mstari ukashuka. Ukashuka hadi pale kwenye vitone vya nguruwe wangu, ukapita katikati yake. Modeli haikuwa mbovu. Na nguruwe hawakuwa wagonjwa. Wote walikuwa wanatuambia kitu kimoja, modeli kwa hesabu na nguruwe kwa kelele.

Nimeona furaha kama ya ukuta unaposimama wima kwenye timazi.

"Tutafika themanini?" nikauliza.

"Inawezekana. Nguruwe akinyimwa kidogo kisha akashibishwa vizuri, hukimbiza kufidia alichokosa. Lakini sio lazima wafike wote."

Kila kitu sasa ni kwa mizani. Mama Karwitha ametuazima ile yake ndogo ya kuning'iniza.

Jumanne, 16 Septemba

Kimya. Wamekula, wamelala kifudifudi wakiegemeana. Nilisimama pale mlangoni nikiwasikiliza wakikoroma. Nimekula vizuri pia. Mukimo wa jana, nikaupasha moto.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kilo sitini na nane. Mstari unataka sabini na moja. Wanakimbiza kweli. Yule mdogo bado yuko nyuma, wenzake humsukuma horini, kwa hiyo namtenga wakati wa kula.

Leo niliegemea ukuta kabla ya kushika tepu. Nikakisia kila mmoja kwa macho, kisha nikapima. Watatu nilipatia. Kuna mahali nyuma ya bega, panajaa kwanza. Nadhani ndipo Kathure alipokuwa akitazama. Sina wa kumwuliza. Makena anasema ndivyo wanavyofundishwa, waangalie hapo.

Nilikaa na hilo siku nzima. Lilinifariji, na likaniuma.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua imeanza. Mwenda amesema atakuja Ijumaa, awepo mnunuzi akija. Hakutaja chumba. Na mimi sikutaja.

Usiku naota sindano ya mizani. Nataka kubaki. Sikujua nataka hivyo kwa kiasi hiki. Si kwa ajili ya kaburi la Kathure tu. Nataka kumwona huyu nguruwe jike akizaa tena.

Ijumaa, 24 Oktoba

Lori la Embu lilifika saa nne. Safari hii mnunuzi alishuka. Alimkanda wa kwanza mgongoni kwa kiganja, akanitazama.

"Mzee, ni wewe wa wale mbuzi?"

"Ni mimi."

"Nani amekufundisha?"

Nikamwonyesha Makena kwa kidevu. Makena akanionyesha mimi kwa kidevu. Mnunuzi akasema haya, mtajua wenyewe.

Ana mizani ya fremu, anaibeba kwenye lori. Wa kwanza themanini na tatu. Wa pili themanini na moja. Mkono wangu ulikuwa kwenye mbao za mlango, sikuutoa. Wa sita themanini kamili, mnunuzi akagonga sindano, ikakaa palepale.

Yule mdogo, sabini na mbili.

"Huyu bado," akasema. "Sita nachukua. Huyu hapana."

Mapatano yangu na kijana yalikuwa saba. Sikumtazama Mwenda. Nilitazama buti zangu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitampa nani kuku wangu wa uani.

Mwenda alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa nguruwe jike, anautikisa. Akasema, "Baaba, bawaba hizi zimekwisha. Akizaa, watoto watapita hapa chini. Nitakuletea zingine mwisho wa mwezi."

Nikasema sawa.

"Na huyu mdogo mwache ale mpaka Krismasi. Lakini utakuwa unapokea simu. Kila siku. Ukikosa mara moja, nakuja na pikapu."

Ndivyo alivyonipa ruhusa. Sauti ilikuwa ya mama yake anapokubali kitu asichokipenda. Lori lilipoondoka aliendelea kukaa pale chini, anachunguza misumari ambayo haina shida yoyote. Nikamwacha. Makena aliingia jikoni kupika chai, akachelewa kutoka.

Jumapili, 26 Oktoba

Sikuenda kanisani. Mvua ndogo tangu alfajiri.

Banda limekuwa kubwa. Nimeliosha, nikaweka chokaa. Mdogo nimemhamishia chumba cha kati, karibu na mama yake, wanasikiana kupitia mbao. Ameanza kula bila kugeuka nyuma kutazama nani anakuja.

Mama yake alipandwa mwezi uliopita na hajarudi kwenye joto la kutaka dume, kwa hiyo huenda ana mimba. Makena ananitumia hesabu zake wiki hii. Wenye mimba wana mstari wao mwingine, anasema, na ni rahisi kuwanenepesha kupita kiasi kwa mapenzi.

Mwenda alipiga saa mbili. Nikapokea. Alisikia mvua kwenye mabati akauliza kama ni ya hapa. Nikamwambia ni ya hapa.

Kisha nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikiwasubiri wamalize kula. Sikuwa na haraka ya kwenda popote.