Mama, Ulikuwa Unajuaje Pale Getini?

Mama,

Tangu tukuzike, ploti yetu ya vyumba vya kupangisha huku Waithaka ni mimi ninayeiangalia, na haki ya Mungu nimechanganyikiwa. Simu yako ndogo ya tochi, ile mulika mwizi, bado ninaichaji. Watu wanaotafuta vyumba wanaipiga wakikuuliza wewe, nami nashindwa kuwaambia kwamba umetuacha.

Kile chumba cha karibu na mfereji kiko wazi. Jana alikuja mama mmoja muuza mitumba, ana watoto wawili. Msafi, mpole, ana heshima zake. Hata kabla hajamaliza kunisalimia, kitu ndani yangu kikasema hapana. Sababu? Sina. Nikamwambia arudi leo jioni.

Sasa niambie, wewe ulikuwa unajuaje? Ulikuwa unatoka jikoni mikono ina povu, unamtazama mtu pale getini, halafu basi: "Huyu hapana. Roho imekataa." Nikikuuliza inakataa vipi, unanijibu, "Wacha maswali, najua tu." Nilipokueleza kwamba chuoni, kwenye falsafa, tunasoma huko kujua kusiko na sababu, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Na hiyo nayo ni ya kulipiwa karo?"

Lakini hii yangu, Mama, sijui ni kujua ama ni woga tu. Ama ni uchungu, labda sitaki mgeni aanike nguo kwa kamba yako. Ndani zote zinafanana. Zinanikaa hapa kifuani, hazina maneno.

Na siku ile ulipolazwa, roho iliniambia utapona. Iliniambia kabisa! Nikaenda kazini mjini bila wasiwasi, nikapanga jioni nikupikie viazi. Nilijua, vile vile ulivyokuwa ukijua wewe. Mchana wakapiga simu kutoka hospitali. Woi, Mama.

Tena nimewaza: wale uliowakataa, nani aliwahi kuwaona tena? Walienda zao. Pengine wengi wao walikuwa watu wazuri tu, na hakuna aliyerudi kukuambia. Usinikasirikie.

Huyu mama nitampa chumba. Roho bado inakataa, hata sasa ninapoandika. Pumzika, mama yangu. Akituharibia ploti, nakuahidi nitakuja kaburini nikuambie roho ilijua. Na akikaa vizuri nitakuja pia, ila siku hiyo sijui nitaanza vipi kukuambia.

Binti yako.