Ufunguo wa Chumba cha Wazazi

Jumatatu, 5 Julai 1976
Itangazwe kwa taifa zima: koti langu jeupe sasa lina vifungo vyote vitano. Cha tatu kilitoroka mwaka jana, kilichoshwa na kitambi. Mke wangu amekirudisha.

Sababu ni kubwa. Keshokutwa, Sabasaba, mgeni wa mkoa anakuja kufungua chumba kipya cha wazazi hapa zahanati. Serikali ilituahidi chumba hicho tulipohamishiwa kijiji hiki cha huku juu ya Nyololo. Kimejengwa kweli. Kitanda cha chuma, kabati la kioo. Dawa nzuri zote nimezihamishia humo, pamoja na sindano za kuzuia damu, mgeni azione. Nimefunga. Ufunguo mfukoni mwa koti.

Jumatano, 7 Julai
Hakuja. Alikuwa mkutanoni Mbeya, gari limeharibikia Uyole. Sasa atakuja Jumamosi. Watoto wa shule waliuimbia upepo.

Mama Sanga, mkunga wetu, anataka kuanza kukitumia chumba. Nimekataa. Utepe haujakatwa. Akanicheka: “Haya, Mganga. Tuwaambie na watoto walio tumboni wasubiri ratiba ya mkuu.”

Nikacheka pia. Mpumbavu mimi.

Ijumaa, 9 Julai
Yustina amefariki. Uzazi wa saba. Mtoto wa kike, mzima.

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 10 Julai
Mgeni amefika. Utepe umekatwa. Hotuba ndefu: ahadi kwa akina mama imetimizwa. Tulipiga makofi. Na mimi, koti limenyooka kama karatasi.

Akauliza kama tumepoteza mzazi mwaka huu. Nikasema mmoja, alichelewa kufika. Akaandika. Na mimi nimeandika hivyo hivyo kwenye daftari la zahanati.

Mama Sanga alinitazama, akatoka nje.

Jumatatu, 12 Julai
Mama Sanga hanitanii tena. Anasema “ndiyo, Bwana Mganga” na kuendelea na kazi. Naona aibu hata kula.

Jumapili, 18 Julai
Baridi kali. Umande uliganda kwenye majani ya chai.

Hakuchelewa. Yustina alifika Ijumaa saa moja asubuhi, kwa miguu yake, akanisalimia, “Kamwene.” Nikamtania kwamba huyu wa saba tumpe jina la mgeni. Akasema mgeni kwanza alete nepi. Nikampeleka chumba cha zamani. Saa nne akajifungua vizuri tu.

Kisha damu. Mama Sanga akanipigia kelele nilete sindano. Nikapapasa kiunoni kutafuta ufunguo. Koti lilikuwa nyumbani, linafuliwa kwa ajili ya Jumamosi. Nilisimama mbele ya ule mlango. Mbao nyepesi, kitasa cha kawaida. Teke moja lingetosha, hata kwa mtu mnene kama mimi. Lakini rangi ilikuwa mpya, na mgeni anakuja kesho yake.

Nikakimbilia nyumbani. Koti limeanikwa, mfuko mtupu. Mke wangu alikuwa ameuweka ufunguo juu ya rafu ya vyombo. Niliporudi, Mama Sanga alikuwa anamfunika.

Leo baada ya misa nimekwenda kwa mumewe, nikamweleza yote haya, pamoja na habari ya rangi. Alikuwa amempakata mtoto. Akaendelea kumbembeleza, polepole, mpaka nikaondoka.