Mtani Wangu Hanikimbizi Tena

Mpendwa mshauri Mama Josephine, naomba msaada na usinicheke kabla sijamaliza, mimi ni Mzee Yotham wa Ipagala, Mgogo, darasa la nne nilitokea dirishani, na jambo lenyewe ni la rafiki yangu Wilbert, Mhehe aliyehamia huku kutoka Mtera, fundi wa kuchomelea pale Kizota, sasa si unajua sisi na Wahehe ni watani, naweza kuingia kwake nikabeba jogoo nikaondoka zangu, naye kazi yake ni kunikimbiza akinitukana mimi na shangazi zangu wote, ndivyo tulivyoishi mpaka mvi zikatukuta, lakini tangu mavuno ya uwele hanikimbizi, nimemvua kofia kaniangalia tu kama ng'ombe aliyenyeshewa, halafu vitu ananiletea mwenyewe, kwanza baiskeli, juzi mashine yake ya kuchomelea, "Chukua, mtani, mie sitaihitaji," nikacheka nikajua leo nimemshinda Mhehe, nikamwambia, "Ukifa nakuja kubeba na kitanda," akajibu polepole, "Siku hiyo haitachelewa," kicheko nikakimalizia peke yangu, mkewe Ursula anasema halali, hali chakula, haogi, mchungaji kamwombea, mimi nilisema ni uvivu, sasa siamini tena kama ni uvivu, nikimuuliza kwa dhati ataona nimevunja utani, nikimpeleka Mirembe kwa wagonjwa wa akili mtaa utasema kawa kichaa, nifanyeje, na usinipe maneno magumu, meno ya kuyatafuna yamebaki machache.

*

Shikamoo, Mzee Yotham. Baada ya shikamoo, nakugombeza. Fundi akigawa mashine yake ya kazi hujamshinda chochote. Mwenzako anaaga, na wewe umekaa hapo unachekelea baiskeli!

Uvivu gani unamnyima mtu usingizi? Mvivu analala fofofo. Hizo ni dalili za sonona, ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, ila huu unakula hamu: ya chakula, ya kazi, ya kuoga, mwishowe ya kuishi. Maombi yaendelee, na daktari naye apate kazi ya kufanya. Dawa zipo, mazungumzo yapo, na watu wanapona wakarudi kutukanana vizuri tu.

Muulize wazi, bila mzaha: "Wilbert, unafikiria kujiua?" Swali halimpandikizii mtu wazo, linampunguzia mzigo wa kuficha. Akisema ndiyo, au akinyamaza, usimwache peke yake hata akienda chooni. Ursula aondoe dawa za shamba na chochote cha kujidhuru. Kisha pandeni bajaji, nyote watatu, leo hii. Mirembe ni hospitali, ina madaktari na foleni kama nyingine. Mtaa ukisema uache useme. Mtaa huohuo ungemsema hata msibani, tena huku unakula wali.

Unaogopa kuvunja utani? Uvunje! Akikununia miaka miwili, mshukuru Mungu kwa hiyo miaka miwili.

Nimepiga namba uliyoandika kwenye barua toka jana hupokei, ndiyo maana nakusema hewani asubuhi hii. Sasa naweka wimbo. Wewe usiusikilize. Zima redio, mzee wangu, nenda Kizota.